Moto wa juu, moto wa chini: mwongozo kamili wa oveni ya ukutani kwa nyumba za Mombasa

Bibi yangu alipika mkate wa mayai maisha yake yote bila oveni. Aliwasha jiko la makaa, akayapunguza ya chini mpaka yakabaki matatu manne, akateleka sufuria, akafunika kwa bati, kisha makaa yote yaliyobaki akayapalia juu ya lile bati. "Mkate huiva kwa moto wa juu," alikuwa akituambia, "wa chini ni wa kuushika tu."

Mimi leo nina oveni iliyopachikwa ndani ya kabati la jikoni, katika fleti Tudor, karibu na hori. Miaka miwili ya mwanzo mikate yangu ilitoka imeungua kitako na katikati mbichi. Nililaumu unga, nikalaumu mayai, nikailaumu na oveni yenyewe. Kumbe sikuwa najua moto wangu unatoka wapi. Bibi aliujua wake kwa sababu aliupanga kwa koleo, kaa baada ya kaa. Wetu umefichwa nyuma ya bati, na kazi ya kwanza ni kuufichua.

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi Nyali, Kizingo na huku kwetu zina oveni tayari ukutani. Mpangaji hupewa ufunguo, kitabu cha maelezo hakionekani, na miezi sita baadaye oveni imekuwa kabati la kuwekea masufuria. Naandika haya kwa mtu huyo.

Hatua ya kwanza: ufichue moto wako

Zima oveni kwenye swichi ya ukutani, iache ipoe, fungua mlango, umulike kwa tochi ya simu. Juu utaona koili, mara nyingi mbili: moja yazunguka kando kando ya dari, nyingine imejikunja katikati. Ya kando ni moto wa juu wa kawaida. Ya katikati ni ya kuchomea, ile inayoiva nyekundu kama kaa. Chini huenda usione kitu, kwa kuwa katika oveni nyingi za ukutani koili ya chini imelala chini ya sakafu. Nyuma kuna feni. Oveni nyingine zina koili ya duara iliyoizunguka hiyo feni, nyingine zina feni tupu ya kusambaza moto wa juu na wa chini.

Sasa tazama michoro kwenye swichi ya kuzungusha. Mstari mmoja chini ni moto wa chini peke yake. Mstari juu ni moto wa juu. Mistari miwili, juu na chini, ni ile hali ya bibi, na ndiyo utakayoitumia zaidi kwa keki. Meno ya msumeno ni ya kuchomea. Feni ndani ya duara ni koili ya nyuma pamoja na feni yake. Feni yenye mistari juu na chini ni moto wa juu na wa chini unaopeperushwa.

Usiamini mchoro tu. Washa hali moja moja, dakika 10 kila moja, ukisogeza kiganja mbele ya mlango uliofunguliwa kidogo bila kugusa chuma. Utaujua moto wa juu kwa uso na wa chini kwa magoti. Mimi niligundua hivyo kwamba koili yangu ya chini ilikuwa hai na ya juu ilikuwa imekufa, pengine tangu kabla sijahamia. Ndiyo ile mikate iliyoungua kitako.

Hatua ya pili: umeme, kabati na chumvi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo oveni za pwani hufia.

Umeme wetu Kenya ni volti 240. Oveni ya wati 2,500 huvuta ampea kama 10 na nusu, na plagi ya kawaida ya ampea 13 inaweza kuibeba. Oveni ya wati 3,500 huvuta ampea 14 na nusu, na hiyo plagi haiiwezi. Itafanya kazi, ndiyo, hata miezi, huku plagi ikipata moto kila ukipika. Kibandiko cha wati kiko ukingoni mwa fremu, mlango ukiufungua. Kisome leo. Kama wati zapita 3,000, oveni inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka, na waya mnene, na swichi yake kubwa. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi na petroli, naye akague na waya wa ethi, ule wa kijani na manjano, kwamba umefika kwenye mwili wa oveni na haukuachwa ukining'inia. Hata kama wati zako hazifiki 3,000, usichomeke oveni kwenye waya wa kuongezea. Kamwe.

Ramadhani moja, jioni, biskuti za nankhatai zikiwa ndani, nilisikia harufu ya plastiki. Nilizima ukutani. Kesho yake fundi aliichomoa oveni kutoka kabatini, akanionyesha nyuma: pale waya unapoingia, kile kikofia cha plastiki kilikuwa kimeyeyuka upande mmoja, na vile vibanio vya shaba vimekuwa kijani, unga unga, ukivigusa vyabanduka. "Bimkubwa," akaniambia, "hii si kazi ya moto. Hii ni bahari."

Alisema kweli. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na upepo wa kusi ukivuma chumvi huingia mpaka ndani ya makabati. Shaba ikioza, hapashikani vizuri, pasiposhikana vizuri huzaa joto, na joto hilo huyeyusha plastiki. Kwa hivyo kila mwaka, hasa kusi linapotulia, mwite fundi aichomoe oveni, akaze vibanio vyote, akikuta kijani akate, aweke vipya. Ni kazi ya saa moja.

Kabati nalo lina neno. Oveni hupumua. Nyuma pawe wazi, na chini au juu pawe na nafasi ya hewa kupita kama kitabu cha oveni kinavyotaka. Mafundi wengine wa mbao huziba nyuma kwa ubao ili kabati lipendeze. Ubao huo utolewe. Zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa huvimba kwa unyevu wa huku, zikivimba oveni huinama, na oveni iliyoinama hutoa keki yenye mlima upande mmoja. Weka pimamaji juu ya wavu wa katikati. Kama huna, tia maji nusu inchi kwenye trei uone yanakimbilia wapi. Pia hakikisha skrubu mbili au nne za pembeni, zinazoshika fremu kwenye kabati, zipo. Nimeona oveni isiyo na skrubu ikija mbele ilipowekwa trei nzito juu ya mlango.

Ukizima oveni utasikia feni nyingine ikiendelea kuvuma. Hiyo ni ya kupoza swichi na mitambo yake. Iache imalize yenyewe ndipo uzime ukutani. Ukizima ukutani mara tu baada ya kupika, joto lote hupanda kwenye kioo cha saa na vitufe.

Na stima ikipotea katikati ya mapishi? Zima ukutani, usifungue mlango. Joto lililomo litaendelea kupika kwa dakika kadhaa, na keki iliyokwisha kushika huweza kuiva hivyo hivyo. Sababu ya kuzima ni kwamba stima ikirudi huja na kishindo, yaani volti hupanda ghafla, na kishindo hicho ndicho kiuacho saa ya oveni. Subiri dakika tano baada ya kurudi ndipo uwashe.

Hatua ya tatu: pima joto la kweli

Kama oveni ni mpya, kabla ya chakula chochote ipashe tupu kwa digrii 200 hadi 250, saa nzima, madirisha wazi. Itatoa moshi mwembamba na harufu ya mafuta ya kiwandani.

Kisha nunua kipimajoto cha oveni, kile cha duara cha kutundika kwenye wavu. Ni kitu kidogo na hakina mbadala. Kitundike katikati kabisa, weka 180, subiri taa izime. Taa ikizima usisome bado. Taa yasema hewa imefika, lakini kuta hazijafika. Ngoja dakika 15 zaidi, halafu soma mara tano, kila baada ya dakika tano, kwa sababu themostati huwasha na kuzima, na joto hupanda na kushuka. Jumlisha, gawanya kwa tano. Hilo ndilo joto lako. Ya kwangu, nikiweka 180, hutoa 200 na kitu. Basi mimi nikitaka 180 huweka 160, na nimeandika kwa kalamu ya rangi kwenye karatasi niliyobandika ndani ya mlango wa kabati la karibu.

Kipimajoto kikikosekana, sukari itakusaidia. Weka kijiko cha sukari nyeupe kwenye kipande cha foili, oveni ikiwa 175 na imeshapata moto vizuri, dakika 15. Isiyeyuke. Pandisha 190, dakika 15 tena. Iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 175 oveni yako ina moto kuliko inavyosema. Ikikataa kwenye 190, ina baridi.

Jambo moja la umeme wetu lakumbukwe hapa. Nguvu ya koili hupungua haraka kuliko volti. Volti ikishuka kutoka 240 hadi 200, oveni ya wati 2,500 hubaki na wati kama 1,740. Jioni ya futari, kila nyumba imewasha, oveni yako haitapata moto kwa dakika zile zile za asubuhi. Themostati itajaribu kufidia, ila kupasha kutachukua muda zaidi, na kila ukifungua mlango itachelewa kurudi. Mikate yangu ya siku za Ramadhani naipika saa nne asubuhi.

Sasa mtihani wa boflo. Pasha 180 moto wa juu na chini, panga vipande vya boflo wavu mzima, pasibaki pengo, dakika kama nane. Toa, tazama. Palipokuwa kahawia ndipo penye moto mkali. Piga picha uihifadhi. Ramani hiyo itakuambia pa kuweka mkate na lini kuugeuza. Rudia kwa moto wa juu peke yake na wa chini peke yake, na kama upande mmoja hautoki rangi hata kidogo, koili imekufa.

Hatua ya nne: kupika

*Mkate wa mayai.* Naanza nao kwa sababu ndio mtihani mgumu. Mayai 6 yasiyo ya friji, sukari kikombe kimoja, yapigwe mpaka yawe meupe, mazito, ukiinua mwiko uzi ukae juu kidogo kabla ya kuzama. Unga kikombe kimoja uliochungwa mara mbili, iliki, uingizwe polepole kwa kukunja. Sufuria ipakwe samli na kunyunyizwa unga. Sasa moto: juu na chini, bila feni, digrii 170 za kweli, wavu wa kati au hatua moja chini yake. Feni huukausha uso kabla mkate haujamaliza kupanda, ndipo unapopasuka au kuinama. Usifungue mlango dakika 25 za mwanzo. Dakika 15 hivi zikipita, uso ukianza kushika, wengine hupenda kutia zabibu juu. Mimi huzitia mwanzo, zikizama na zizame, kuliko kufungua mlango. Huiva kati ya dakika 30 na 35. Kijiti kikitoka kikavu, zima, acha mlango wazi kidogo dakika tano ndipo utoe, usishtuke kwa upepo.

Ukiungua chini na juu mweupe, panda wavu hatua moja, au weka trei tupu kwenye wavu wa chini kabisa iwe kinga. Ukiungua juu na ndani mbichi, shuka hatua moja na punguza digrii 10. Ni kazi ya koleo la bibi, ila sisi twasogeza chakula badala ya kaa.

*Mkate wa sinia.* Huu wengi huupika oveni tangu mwanzo na kupata kitu kikavu. Uanze juu ya jiko. Mchanganyiko wako wa mchele uliosagwa na tui, umeumuka vizuri, umimine katika sufuria ya moto yenye mafuta, moto mdogo, bila kifuniko, mpaka vitundu vijae juu na kando ziachane na sufuria. Wakati huo koili ya kuchomea iwe imewaka dakika 10. Ingiza sufuria, isiwe na mkono wa plastiki, wavu wa pili kutoka juu, na usiondoke mbele ya kioo. Dakika tatu, nne, uso unakuwa wa dhahabu. Hapo ndipo palipokuwa pa makaa ya juu ya bati.

*Samaki wa kupaka.* Changu au tewa wa nusu kilo hadi robo tatu, mchanje pande zote mbili, mpake chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili, nusu saa. Mkaushe kwa kitambaa safi kabla ya kumweka, maana samaki mwenye maji hutokota, hachomeki. Weka wavu wa pili kutoka juu, chini yake trei yenye maji nusu inchi ili mafuta yakidondoka yasitoe moshi. Kuchomea kwa moto wa juu kabisa, dakika nane hadi kumi kila upande. Halafu upake tui zito lililopikwa na ukwaju, rudisha dakika mbili, paka tena, rudisha tena. Mara tatu. Kila tabaka likauke kidogo kabla ya lingine, ndipo lishike kwenye zile chanjo. Je, mlango ufungwe au uachwe wazi wakati wa kuchomea? Oveni nyingi za sasa zataka ufungwe. Za zamani zenye kinga ya chuma juu ya mlango zataka uwe wazi kidogo. Kama kitabu hakipo, gusa swichi baada ya dakika tano. Zikichoma vidole, oveni hiyo haitaki mlango wazi.

*Kuku mzima na nyama.* Feni ndiyo mahali pake hapa. Ukitumia feni, punguza digrii 20 kwenye maelezo yoyote ya moto wa kawaida. Kuku awe amefika digrii 75 kwenye paja, pale palipo pana karibu na mfupa.

*Boflo na mikate ya hamira.* Joto letu huumua haraka. Maelezo ya nchi za baridi yakisema saa mbili, hapa tazama baada ya dakika 50. Unga nao hunyonya unyevu ukikaa, hivyo usimwage maji yote mara moja, bakisha robo kikombe. Oveni iwe 220, na kopo la chuma lenye maji ya moto wavu wa chini kwa dakika 10 za mwanzo. Usimwage maji baridi moja kwa moja kwenye sakafu ya oveni yenye moto. Enameli itapasuka, na palipopasuka chumvi ya huku italeta kutu ndani ya msimu mmoja.

Nankhatai ni 160 hadi 170 tu, trei mbili pamoja kwa feni, ubadilishane trei katikati ya muda. Zitoke zingali laini na zimepauka. Hukamaa zikipoa.

Mambo matatu ya vyombo. Sinia pana linalogusa kuta huziba njia ya moto, kwa hivyo acha angalau vidole vitatu kila upande. Trei nyeusi hushika moto kuliko alumini ing'aayo, punguza digrii 10. Na foili usiitandike sakafuni mwa oveni. Najua ni rahisi kusafisha, lakini huzuia moto wa chini, hurudisha joto kwenye koili, na huweza kugandana na enameli usiibandue tena.

Hatua ya tano: usafi

Kila ukimaliza kupika, oveni ikiwa vuguvugu, pangusa kwa kitambaa chenye maji matamu. Nasema maji matamu kwa makusudi. Majumba mengi ya Mombasa yana maji ya kisima, yana chumvi, na yakikauka huacha ukungu mweupe kwenye kioo na kutu kwenye chuma. Ya oveni ni lita moja tu, toa kwenye mtungi wa kunywa. Kama oveni yako ni ya mvuke, usiitilie maji ya kisima hata siku moja.

Mafuta yaliyoganda: changanya magadi soda, ule unga mweupe wa dukani unaotiwa kwenye keki, na maji kidogo mpaka uwe uji mzito. Zima ukutani. Paka kuta na sakafu, usiguse koili, usizibe matundu ya feni. Acha usiku kucha. Asubuhi futa kwa dodoki lililolowa. Dodoki letu la shambani ndilo bora, lina meno ya kutosha na halikwaruzi. Mabaki meupe yanyunyizie siki, yatatoa povu, futa tena, halafu mara ya mwisho kwa maji. Acha mlango wazi mpaka pakauke kabisa.

Kioo cha mlango kisiguswe na waya wa kusugulia sufuria wala kisu. Mkwaruzo mdogo hudhoofisha kioo, na siku ya moto wa 250 kinaweza kupasuka chote. Mafuta yaliyoingia katikati ya vioo viwili hutoka kwa kuutoa mlango. Bawaba zina vikufuli vidogo, vigeuze kwanza kila upande, hakikisha vyote viwili vimeshika, ndipo uinue. Bawaba isiyofungwa hujifyatua kama mtego, na vidole ndivyo vinavyolipa.

Oveni yako ikiwa na kuta za ndani zenye uso mkavu wa chenga chenga, hizo hujisafisha kwa moto. Usizipake chochote. Ziwashe 220 au zaidi kwa saa moja. Na ikiwa na hali ya kujisafisha kwa moto mkali, ule unaofika karibu na digrii 500, toa nyavu na trei zote kwanza, fungua madirisha, na ukiwa na ndege nyumbani mpeleke chumba cha mbali au kwa jirani.

Raba ya mlango: ioshwe kwa maji ya sabuni, isivutwe. Ijaribu kwa karatasi. Funga mlango ukiwa umebana karatasi, ivute. Ikitoka bila kushikwa hapo, moto wako unavuja hapo, na tokeni zako pia. Rudia pande zote nne.

Nyuma ya oveni pana joto na giza, na mende hupapenda. Hujikusanya kwenye ubao wa mitambo na kuuharibu. Siku ile fundi anapoichomoa, fagia, weka dawa ya chembe kwenye pembe za kabati. Usipulize dawa ya mkebe ndani ya oveni.

Hatua ya sita: ikigoma

Kabla ya kumwita mtu yeyote, tazama saa. Kama inapepesa sufuri, oveni nyingi za saa ya dijitali hazitoi moto mpaka saa iwekwe. Hutokea kila stima inapopotea. Jirani yangu wa ghorofa ya chini alilipa fundi aliyekuja, akabonyeza vitufe viwili, akaondoka. Aliumia sana, na mimi niliumia kwa niaba yake. Tazama pia mchoro wa kufuli au ufunguo kwenye kioo. Ni kinga ya watoto, bonyeza kitufe chake kwa sekunde kadhaa.

Taa yawaka, moto hakuna upande mmoja: koili. Fundi aipime. Koili nzima ya wati 2,500 husoma kama omu 23. Ikisoma wazi kabisa, yaani umeme haupiti, imekatika. Apeleke ya zamani dukani, mpya ilingane umbo na wati.

Breka yaanguka papo hapo baada ya oveni kukaa miezi bila kutumiwa: mara nyingi ni unyevu. Ndani ya koili kuna unga mweupe unaotenganisha waya na ganda lake, na unga huo hunyonya maji ya hewa. Fundi anaweza kuupima na kuukausha. Usiendelee kuinua breka mara kumi ukitumaini itashika. Na breka ikianguka kila ukipika, hata oveni inayotumika kila siku, acha kuitumia mpaka ikaguliwe.

Balbu ya ndani waweza kuibadilisha mwenyewe, oveni ikiwa baridi na umeme umezimwa kwenye boksi. Itake ile ya oveni inayostahimili digrii 300, mara nyingi wati 15 au 25, kitako chembamba cha E14. Balbu ya kawaida au ya LED haidumu humo.

Wenye oveni ya gesi ya ukutani: muali uwe wa buluu. Ukigeuka manjano na kuacha masizi, kuna tundu lililoziba au hewa haitoshi. Mpira wa mtungi ujaribiwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Ukisafiri

Ukienda kijijini au ng'ambo mwezi mzima, safisha oveni mpaka chenga ya mwisho, ikauke, zima kwenye boksi. Mlango usiufunge kabisa, bana kijiko cha mbao katikati ili hewa ipite, la sivyo utakuta ukungu. Ukirudi, kabla ya chakula, weka saa sawa, iwashe tupu kwa digrii 100, nusu saa, madirisha wazi, kisha 180, nusu saa nyingine, ukiwa jikoni na pua yako kazini. Harufu ya vumbi huisha upesi. Harufu ya plastiki, zima, mwite fundi. Ikipita salama, tundika kipimajoto usome tena zile mara tano, na kama namba imehama, ibadilishe kwenye ile karatasi ya kabatini.